Wasiofundisha wakiingia kwenye orodha ya kupunguzwa, chama kinaweza kufanya nini?

Chuo kikuu cha umma kikiishiwa pesa nchini Kenya, mazungumzo ya kubana matumizi huanza na karani, mpishi, dereva, fundi wa maabara, mlinzi wa lango na mama anayesafisha mabweni. Kwa karibu miaka kumi sasa watu hawa wamekuwa wakiambiwa kila msimu wa bajeti kwamba ni wengi mno. Baadhi yao wamekaa kazini miaka ishirini na zaidi. Wamesomesha watoto kwa mshahara huo, wamechukua mikopo ya sacco kwa mshahara huo, na wengi wana nyumba wanazojenga ambazo bado hazijafika kwenye lenta.

Upande wao kuna vyama viwili vikubwa. KUSU, chama cha wafanyakazi wa vyuo vikuu, huwabeba makarani, wahudumu wa maktaba, mafundi wa maabara na wengine wa ofisini. KUDHEIHA, ambacho kina pia wafanyakazi wa hoteli, hospitali na majumbani, kina wanachama wake hasa katika ngazi za chini: jikoni, usafi, bustani. Wahadhiri wana chao, UASU. Kila upunguzaji unaponukia, wanachama huuliza swali lile lile: je, chama kinaweza kuuzuia?

Mara nyingi hakiwezi kuuzuia kabisa. Kinachoweza ni kuuchelewesha, kuuanika hadharani, kupunguza idadi ya wanaoondoka na kuongeza kile wanachoondoka nacho. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kabla barua hazijachapwa. Anayengoja barua ndipo aanze kutafuta nakala ya mkataba wa pamoja, yale makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri, amechelewa, na nimeona watu wengi wema wakichelewa hivyo.

Pesa zilikwenda wapi

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mpango wa wanafunzi wanaojilipia karo yote, ule uliokuja kujulikana na kila mtu kama Module II. Vyuo vingine vikafuata. Madarasa ya jioni yakajaa, kampasi zikafunguliwa juu ya maduka na benki katika miji midogo, na kila kampasi ikahitaji karani wa usajili, mhasibu, mtunza maktaba, mlinzi na mfagiaji. Ajira nyingi za wasiofundisha zilizaliwa hapo, kwa pesa ambazo hazikutoka Hazina Kuu bali mifukoni mwa wazazi.

Mpango huo ulianza kufa mwaka 2016. Baada ya miaka ya wizi wa mitihani, KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya mwaka huo ilisimamiwa kwa ukali mpya chini ya waziri Fred Matiang'i. Waliopata C+ na zaidi, yaani alama ya kuingia chuo kikuu, walikuwa zaidi ya 165,000 mwaka 2015. Mwaka 2016 wakawa chini ya 90,000, na mwaka 2017 takriban 70,000. Nafasi za serikali sasa ziliwatosha wote waliofuzu, na baadhi wakapelekwa hata vyuo vya kibinafsi kwa udhamini wa serikali. Hakukuwa tena na sababu ya mzazi kununua nafasi ya kujilipia. Kampasi za mijini zikabaki na walinzi wengi kuliko wanafunzi, na moja baada ya nyingine zikafungwa.

Serikali nayo ilikuwa imeanzisha utaratibu wa kugharamia kila kozi kulingana na bei yake halisi, na lengo lilikuwa kulipa asilimia 80 ya bei hiyo. Lengo halikufikiwa, na kila mwaka pengo lilizidi kupanuka. Mwaka 2023 ukaletwa mfumo mwingine wa ufadhili, mkopo na mchango wa familia, ambamo pesa humfuata mwanafunzi kokote anakokwenda. Mfumo huo ulipingwa mahakamani, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikautangaza kuwa kinyume cha Katiba, kisha kesi ikaendelea kwenye rufaa. Kwa mfanyakazi wa jikoni tafsiri yake ni rahisi: chuo chako kisipochaguliwa na wanafunzi, mshahara wako unatikisika.

Madeni ya vyuo vikuu vya umma kwa jumla yamepita shilingi bilioni 60. Sehemu ya deni hilo inauma kuliko nyingine: ni makato yaliyotolewa kwenye mishahara ya wafanyakazi wenyewe, ya pensheni, ya kodi na ya sacco, ambayo hayakufikishwa yalikotakiwa kwenda. Mtu hukatwa kila mwezi, hati yake ya mshahara inaonyesha amekatwa, lakini akienda kwenye mfuko wa pensheni anaambiwa hakuna kitu kilichoingia.

Ni katika hali hii hoja ya kwamba wasiofundisha ni wengi inapata nguvu. Serikali na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, zimeirudia kwa miaka, na sitasema haina ukweli. Kuna vyuo ambako wasiofundisha wanawazidi wahadhiri kwa mbali, na kuna ajira zilizotolewa ili kumridhisha mwanasiasa wa eneo. Lakini hesabu hiyo huweka kapu moja mtu wa kituo cha afya, wa shamba la chuo, wa bomba la maji na wa mabweni, kisha inalinganisha kapu hilo na wahadhiri kana kwamba chuo ni darasa tu. Chuo chenye wanafunzi maelfu wanaolala ndani ni mji. Ukimwondoa fundi bomba leo, kesho utamlipa fundi wa nje kwa bei ya nje.

Kwenye vyuo vya kiufundi, vile vya TVET, tofauti ni kali zaidi. Wakufunzi wengi wameajiriwa na Tume ya Utumishi wa Umma. Mpishi, karani na mlinzi wameajiriwa na bodi ya chuo, na mishahara yao hutoka kwenye karo. Watu wawili wanaingia lango moja asubuhi moja, mmoja analipwa na taifa na mwingine analipwa na wanafunzi watakaojitokeza muhula huu. Janga likija, kama lilivyokuja mwaka 2020 na vyuo vikafungwa, anayebaki bila mshahara anajulikana tangu mwanzo.

Kifungu cha 40

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatofautisha kufukuzwa kwa kosa na kuondolewa kwa sababu kazi yenyewe imekwisha. Hili la pili, ambalo mfanyakazi hana hatia yoyote, linatawaliwa na kifungu cha 40, na kila mwakilishi wa chama angepaswa kukijua kwa moyo.

Kwanza, mwajiri lazima aarifu. Ikiwa mfanyakazi ni mwanachama, taarifa huenda kwa chama na kwa afisa wa leba wa eneo, si chini ya mwezi mmoja kabla, ikieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji. Asiye mwanachama huandikiwa mwenyewe, na afisa wa leba pia ajulishwe. Pili, kuchagua nani aondoke lazima kuzingatie muda wa utumishi pamoja na ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja ndani ya kada husika. Tatu, siku za likizo ambazo hajazitumia zilipwe taslimu. Nne, apewe notisi yake mwenyewe ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi. Tano, alipwe kiinua mgongo kisichopungua siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Na mwanachama asipunjwe kwa kuwa mwanachama, wala asiye mwanachama kwa kutokuwa.

Watu huchanganya zile notisi mbili, na waajiri wengine huzichanganya kwa makusudi. Taarifa kwa chama ni ya mpango mzima: tunafikiria kuondoa watu kadhaa katika idara hizi kwa sababu hii. Notisi ya mfanyakazi ni yake binafsi: wewe, fulani, kazi yako inaisha tarehe fulani. Ya kwanza hutangulia ili pawe na muda wa kuzungumza kabla ya ile ya pili kuandikwa. Chuo kikituma zote mbili siku moja, kimeamua kwanza kisha kikaarifu.

Jambo hili lilipata uzito mwaka 2014 katika kesi ambayo haikuwa ya chuo hata kidogo. Shirika la ndege la Kenya Airways lilikuwa limewaondoa wafanyakazi zaidi ya 400 mwaka 2012, na chama cha wafanyakazi wa usafiri wa anga kikaenda mahakamani. Katika Mahakama ya Rufani, Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, alieleza kwamba ule mwezi wa taarifa umewekwa ili pande mbili zitafute njia za kuepusha upunguzaji au kuupunguza makali. Kifungu cha 40 hakilitaji neno mashauriano, lakini tangu hapo mahakama za leba zimekuwa zikilidai. Kesi hiyo hiyo ina upande wake mchungu: agizo la awali la kuwarejesha watu kazini halikusimama. Mahakama ilikubali kwamba shirika lilikuwa na sababu ya kiuchumi, kosa likabaki kwenye namna ilivyofanywa, na kosa la namna hulipwa kwa fidia.

Mwezi wenyewe

Taarifa ikifika ofisi ya tawi, siku zinaanza kuhesabika. Tawi lililojiandaa huandika barua siku hiyo hiyo na kudai mambo kwa majina yake. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 57, inamtaka mwajiri akipe chama habari zote zinazohitajika ili kijadiliane sawasawa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaongeza nguvu kwa taasisi za umma. Na kuna hazina ambayo matawi mengi huisahau: ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kila chuo kikuu cha umma hukaguliwa, na ripoti huchapishwa. Humo mna majengo yaliyokwama, mikataba yenye maswali, posho za safari na madeni ya makato. Mwajiri akisema hakuna pesa ya mishahara ya watu wa usafi, chama kifungue ukurasa wa ripoti na kuuliza kuhusu pesa zilizoko pale. Nimesikia mikutano ikibadilika sura kwa karatasi moja kama hiyo.

Karatasi ya pili ni orodha. Tuseme idara ya kemia ina mafundi wa maabara wanane na chuo kinataka kubaki na watano. Mwajiri huleta majina matatu ya wanaoondoka. Chama kisiyajadili majina hayo matatu. Kidai orodha ya wote wanane, tarehe ya kuajiriwa ya kila mmoja, vyeti vyao, tathmini zao za kazi na masharti ya ajira zao. Hapo ndipo unapogundua kwamba anayeondoka aliajiriwa 2003, anayebaki aliajiriwa 2019, na hakuna tathmini yoyote iliyoandikwa kueleza kwa nini. Au unagundua kwamba wawili kati ya watatu ni viongozi wa tawi. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinakataza kumwondoa mtu kwa sababu ya uanachama au shughuli za chama, lakini kukithibitisha hilo bila orodha kamili ni kupapasa gizani.

Kisha chama kilete njia mbadala zenye hesabu. Kusimamisha ajira mpya ndiyo ya kwanza. Tuseme chuo kina wafanyakazi 1,200 wasiofundisha na 50 kati yao wanafikia umri wa kustaafu kila mwaka. Miaka miwili bila kujaza nafasi zao inapunguza watu 100, na hakuna aliyepewa barua wala kiinua mgongo cha dharura. Kuna kuhamisha watu kati ya idara, kwa mafunzo mafupi. Kuna kustaafu mapema kwa hiari, ambako wale wa miaka 56 au 57 wenye mashamba yao wanaweza kuondoka kwa furaha ikiwa pensheni iko tayari. Kuna kupunguza posho za vikao vya juu. Mwajiri anaweza kuzikataa zote, lakini azikatae kwa maandishi na kwa sababu, maana maandishi hayo ndiyo yatakayosomwa mahakamani.

Afisa wa leba naye asiachwe. Sheria imemweka kwenye mlango huu, ila ofisi nyingi za leba zina watu wachache na mafaili mengi. Katibu wa tawi anayekwenda mwenyewe, akauliza kama taarifa ilipokewa na tarehe gani, na akaomba kikao cha pande tatu, hupata zaidi ya anayetuma nakala na kungoja.

Mtu huondoka na nini

Mchukue fundi wa maabara aliyefanya kazi miaka 20, mshahara wake wa msingi ni shilingi 42,000. Ukigawa kwa siku 30, siku moja ni shilingi 1,400. Siku 15 kwa mwaka mara miaka 20 ni siku 300, sawa na shilingi 420,000. Ongeza mwezi wa notisi na likizo iliyobaki. Mkataba wa pamoja ukiwa umepandisha kiwango hadi mwezi mzima kwa mwaka, pesa hiyo hiyo inakuwa shilingi 840,000. Mstari mmoja ndani ya mkataba umeongeza maradufu malipo ya maisha yake ya kazi.

Hata hizo 840,000 zina wenyewe wanaozisubiri. Kodi inachukua sehemu yake. Sacco inachukua deni la mkopo. Na pale sacco isipotosheka, inawageukia wadhamini, ambao mara nyingi ni wenzake wa idara ile ile. Barua moja ya kuondolewa inaweza kukata mishahara ya watu wanne waliobaki. Kwa hiyo chama makini hukaa na sacco mapema kuomba mkopo upangwe upya kwa miezi mirefu zaidi. Hakuna sheria inayolazimisha hilo, ni utu na mpango tu, na huokoa urafiki wa miaka.

Pensheni iulizwe kabla ya tarehe ya mwisho, wala si baada yake. Kama chuo hakikufikisha makato, makubaliano ya kuondoka yaandike deni hilo kwa kiasi na kwa tarehe ya kulilipa. Aliyeshatoka nje ya lango hana sauti ya aliyeko ndani.

Mahakama inaweza kusimamisha mambo kwa muda, na maagizo ya namna hiyo hutolewa pale ambapo mwajiri ameruka hatua. Ikithibitika kwamba mtu aliondolewa isivyo halali, fidia yake ina kikomo cha mishahara ya miezi 12. Kurudishwa kazini kunawezekana kisheria, lakini ni nadra. Kesi yenyewe ifunguliwe ndani ya miaka mitatu. Wakili mzuri atakuambia haya yote siku ya kwanza, na atakuambia pia kwamba mahakama haitakaa kwenye kiti cha naibu chansela na kuamua chuo kinahitaji makarani wangapi.

Mlango wa nyuma

Kifungu cha 40 kinamlinda aliye ndani. Siku hizi vyuo vinapunguza watu bila kukigusa kabisa.

Mfagiaji wa kudumu akistaafu, nafasi yake haijazwi. Kazi inapewa kampuni ya usafi. Mlinzi wa chuo anakuwa mlinzi wa kampuni ya ulinzi, kwa mshahara mdogo na sare tofauti. Karani mpya anapewa mkataba wa miezi sita, unaisha, anapewa mwingine, na siku moja hapewi. Mkataba wa muda maalum ukifika mwisho wake, kwa kawaida mahakama husema umeisha wenyewe na hakuna aliyefukuzwa. Vibarua wana kinga kidogo: kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja, au kazi ambayo isingetarajiwa kumalizika chini ya miezi mitatu kwa jumla, ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mwezi. Wachache wanaijua, na wachache zaidi wana daftari linaloonyesha siku walizofanya.

Kukodi huduma nje si haramu. Mahakama zimekubali kuwa ni haki ya mwajiri kupanga shughuli zake, mradi asitumie njia hiyo kukwepa haki ambazo wafanyakazi wameshazipata. Shida ni kwamba mlinzi aliyeajiriwa na kampuni tangu siku ya kwanza hakuwahi kuwa na haki hizo chuoni.

Hapa ndipo ninapokiona chama kikiwa hatarini zaidi. Chini ya kifungu cha 54 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi, mwajiri hulazimika kukitambua chama chenye uanachama wa wengi kati ya wale kinachoweza kuwaandikisha. Kila kundi la kudumu linalogeuzwa kuwa la kampuni au la mikataba mifupi hupunguza wanachama na ada zao. Chama kinachoshangilia kwamba mwaka huu hakuna aliyepewa barua kinaweza kuwa kinapungua kila mwezi bila kelele. Kuwaandikisha watu wa mikataba mifupi ni kazi ngumu, kwani wanaogopa mkataba usirudishwe, lakini sioni njia nyingine.

Jirani, na mbali

Upande wa Tanzania sheria imelisema waziwazi lile ambalo Kenya lilihitaji majaji kulisoma ndani ya kifungu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza wafanyakazi, atoe habari zote zinazohusika, na ashauriane juu ya sababu, njia za kuepusha, vigezo vya kuchagua, muda na malipo. Wasipokubaliana, shauri linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na upunguzaji hauwezi kuanza katika siku 30 za usuluhishi. Ni kinga nzuri, hasa kwa vyuo vya binafsi. Kwenye malipo, hata hivyo, Kenya iko mbele: kiwango cha chini cha Tanzania ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka, na hakivuki miaka kumi. Fundi wetu wa miaka 20 angepata siku 70 badala ya 300. Ndiyo maana vyama vya wafanyakazi wa vyuo huko, kama THTU na RAAWU, hutegemea mkataba wa hali bora, yaani mkataba wa pamoja, kuongeza pale sheria ilipoishia.

Kisa cha mbali zaidi kinafanana na chetu kwa kiini chake. Vyuo 24 vya umma vya jimbo la Ontario, Kanada, viliishi kwa miaka kwa karo kubwa za wanafunzi kutoka nje, baada ya serikali ya jimbo kupunguza karo za wenyeji kwa asilimia 10 mwaka 2019 na kuzigandisha. Januari 2024 serikali kuu ya Kanada ikaweka kikomo cha vibali vya wanafunzi wa kigeni, na mapato yakaporomoka kama ya Module II yalivyoporomoka kwetu. Kozi zikafutwa, watu wakaondolewa. Septemba 2025 wafanyakazi wa kudumu wasiofundisha, karibu 10,000, wakagoma kwa wiki tano chini ya chama chao, OPSEU. Mbele ya madai yao kulikuwa na usalama wa ajira: walitaka mkataba uweke kikwazo kwa kufunga kampasi na kuondoa watu. Waajiri wakajibu kwamba madai hayo yangevifunga vyuo mikono. Mgomo uliisha katikati ya Oktoba kwa makubaliano. Ninachokipenda pale ni kwamba watu wa maktaba na wa kompyuta waliingia barabarani kwa ajili ya ajira yenyewe, si nyongeza peke yake.

Mwaka huo huo vyuo vikuu vya umma vya Kenya viligoma pia, kuanzia Septemba hadi mapema Novemba. UASU na KUSU walikuwa wakidai mabilioni ya mkataba wa 2017 hadi 2021, pesa zilizokubaliwa na kutiwa saini miaka mingi nyuma. Walikuwa na haki kamili. Lakini ona linalotokea: mkataba unacheleweshwa, chama kinatumia nguvu zake zote kudai malimbikizo, na nafasi ya kujadili ulinzi wa ajira inapita. Deni la jana linakula mjadala wa kesho.

Mkataba wa 2021 hadi 2025 umefika mwisho wa kipindi chake, na unaoufuata ndio mahali pa kuweka vipengele ambavyo havigharimu Hazina shilingi hata moja siku ya kutia saini. Kimoja ni taarifa ya miezi mitatu kwa chama badala ya mmoja, na vikao vya lazima vyenye kumbukumbu zilizotiwa saini. Kingine ni kamati ya pamoja inayoletewa kila muhula idadi ya wafanyakazi wa kudumu, wa mikataba na wa kampuni, kwa kila idara, ili mlango wa nyuma uonekane unapofunguliwa. Kipo pia cha kukataza kazi ya aliyeondolewa isipewe kampuni wala mtu wa mkataba kwa kipindi kitakachokubaliwa. Na kipo cha kuitwa tena: nafasi ikirudi ndani ya miaka miwili, aliyeondolewa aitwe kwanza, kwa ngazi yake ya zamani. Mkataba ukisajiliwa mahakamani, masharti yake huingia kwenye ajira ya kila mmoja aliyefunikwa nao, na hayo ndiyo maneno ambayo katibu wa tawi ataweza kuyasoma kwa sauti mezani barua itakapokuja.

Mwanachama wa kawaida naye ana la kufanya kabla ya hapo. Aombe nakala ya mkataba kwenye tawi lake na atafute ukurasa wa kupunguzwa kwa wafanyakazi. Aweke nyumbani barua yake ya kuajiriwa, hati za mshahara na tathmini zake. Aulize mfuko wa pensheni ni mwezi gani wa mwisho ambao jina lake liliingiziwa pesa, na jibu alipeleke kwenye tawi kwa maandishi.